Wa Kunishikia Kiti

Ubaya wote ulianzia mdomoni mwangu, kwa hiyo acha nianze na meno.

Yalikuwa matatu, ya juu, ya mbele, na yalikuwa yakicheza tangu mwaka uliopita. Mtu mwingine angetafuna kwa upande na maisha yakaendelea. Mimi napiga saksafoni, na mpiga saksafoni hubana mdomo wa chombo kwa meno ya juu. Akiyakosa, hewa inamtoka pembeni na wanaosikiliza wanatafuta paka chini ya meza. Daktari wa meno, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, aliyagusa kwa kidole kimoja akatikisa kichwa.

"Baba, haya nayatoa leo. Fizi zikipona, miezi miwili hivi, nakuwekea ya bandia."

Nikamwuliza kama hatuwezi kusubiri mpaka mwaka mpya uanze. Akaniuliza mwaka mpya kuna nini. Sikuwa na ubavu wa kubishana na mtu aliyeshika koleo.

Mwaka mpya kulikuwa na mkataba. Hoteli tuliyokuwa tukiipigia, mchana wa Jumatano hadi Jumapili, ilikuwa imechoka kutuchukua kama vibarua. Walitaka bendi ya watu watano walioandikwa, mwaka mzima, kila mmoja na kadi ya matibabu ya kwake na ya mwenzi wake. Mke wangu ana presha na sukari, na kadi ile tulishaipangia kazi kabla hatujaiona. Majina yangepelekwa kabla Desemba haijaisha. Nikikikosa kiti hicho, nisingepata kingine. Silisemi hili ili nionewe huruma, nalisema kwa sababu nilishalipima.

Nililipima kwa miguu. Kabla ya hoteli hiyo nilizunguka miezi kumi na minne, mkoba wa saksafoni begani, nikibisha kila mlango wenye jukwaa na kiyoyozi. Mmoja aliniambia muziki wao unatoka kwenye kompyuta. Mwingine aliniuliza kama naweza kupiga huku nahudumia meza. Kwenye mgahawa mmoja nilikwenda na nywele nilizozipaka piko asubuhi hiyohiyo, ili miaka sitini na mitatu isinitangulie kuingia. Jua lilikuwa kali na foleni ya kumwona meneja ndefu. Nilipofika mbele yake, weusi ulikuwa umenishukia mpaka kwenye kola. Alinipa karatasi laini nijifute, akasema watanipigia simu. Karatasi niliitumia, simu sijaiona hadi leo.

Sasa nieleze habari ya kushika kiti, maana bila hiyo hutaelewa nilivyotendwa.

Kwetu sisi, mwanamuziki akiugua, kiongozi wa bendi hahangaiki. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayetafuta mtu wa kumshikia kiti. Huyo mshikaji anapiga anachopiga mwenye kiti, haongezi mbwembwe zake, hajengi urafiki na wakubwa, na akisifiwa anajibu, "Mwenyewe anakuja." Siku mwenyewe akirudi, anainuka bila neno. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini nimeona watu wakifukuzwa mji mzima kwa kuivunja.

Na kuna jambo jingine, ambalo kila mmoja wetu hulifanya na hakuna anayelitamka. Unatafuta mshikaji anayejua kidogo kuliko wewe. Asiwe mbovu kabisa, hapo atakuaibisha. Awe wa kufikisha wimbo mwisho bila kuuvunja, na wiki ya tatu ikifika watu waanze kuulizana, "Hivi yule mzee anarudi lini?" Mimi nilikuwa na namba za watu watatu wanaoijua kazi sawasawa. Sikumpigia hata mmoja. Nilikwenda kwa Nusu.

Jina la Nusu nilimpa mimi, tukiwa vijana kwenye bendi moja, kwa sababu sauti za juu alikuwa haziwezi. Anapanda vizuri, unamfuata kwa matumaini, halafu pale juu anashuka kidogo, kidogo tu, kiasi cha kukuwasha sikio. Bendi nzima ikacheka, jina likamganda. Tumetoka mbali. Nilimsimamia harusi yake, watoto wake wananiita baba mkubwa. Hata saksafoni aliyonayo, ya kwanza na ya pekee, nilimwachia mimi, miaka thelathini iliyopita, nilipopata nzuri zaidi. Hakutoa hata senti, na hakuwahi kuacha kunishukuru. Kila alipolalamika kwamba haipandi, nilimwambia akaze mdomo na aongeze mazoezi.

Muziki haukumlisha. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, mwenye kibanda cha dirisha moja, na bendi walimwita pale tu walipokosa mtu kabisa. Nilipompigia kiongozi wetu kumwambia nimemchagua nani, aliniomba nilirudie jina. Kiongozi wetu ni mpiga kinanda wa miaka arobaini, anavaa kofia hata ndani ya nyumba.

"Nusu?" akasema. "Na lile bomba lake linalovuja? Mzee wangu, hapa ni hotelini. Hapana."

"Atatumia la kwangu," nikasema.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Nilitaka mtu dhaifu, lakini nilimpata dhaifu kupita kiasi, kwa hiyo ikabidi nimwongezee nguvu kidogo. Hesabu yangu ilikuwa hiyo. Mke wangu alinitazama nikiifuta saksafoni kwa kitambaa, mdomo umevimba, pamba kwenye fizi.

"Kwa nini yeye?" akauliza. "Si unao watu wanaopiga vizuri kuliko yeye?"

"Ninao."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo."

Akanielewa mara moja. Tumekaa pamoja miaka thelathini na sita, hakuna ninachoweza kumficha zaidi ya dakika mbili. Akarudi kwenye dawa zake, akazipanga kwenye kile kiboksi cha siku saba.

Nusu aliupokea mkoba kwa mikono miwili. Kibandani kwake kulikuwa na vyerehani vitano vilivyofunguliwa matumbo, na harufu ya mafuta ya mashine. Alifuta meza kwa mkono wa shati kabla hajaniwekea kiti.

"Kaka, una hakika?" akaniuliza. "Kuna watu wazuri kuliko mimi."

"Nakuamini wewe."

Machozi yalimlengalenga machoni. Nayakumbuka yale macho, na mpaka leo sijui niyafanye nini. Nikampa masharti: piga wimbo wenyewe, solo mwachie mpiga gitaa, ukimaliza kaa chini. Akaitikia kila sharti kwa kichwa.

"Nitakushikia," akasema. "Wewe pona."

Wiki mbili za kwanza nilikunywa uji na supu, nikangoja habari za kunifurahisha. Kiongozi aliniambia, "Anajitahidi." Nilipenda neno hilo. Mtu akisema mwenzako anajitahidi, ujue bado unahitajika. Wiki ya tatu nilikutana na mpiga ngoma wetu dukani akinunua betri. Aliniuliza fizi zinaendeleaje, halafu, bila kujua anachonifanyia, akasema, "Mzee, jamaa yako juzi amepiga solo, meza mbili zimesimama."

"Solo? Nani kampa?"

"Kiongozi. Kamwambia jaribu tu."

Nililala vibaya, kesho yake mchana nikaenda. Sikupitia mbele. Nilipitia mlango wa nyuma ya jiko, pale wanapoingizia mboga, nikasimama kati ya magunia ya viazi, leso mdomoni. Bendi ilikuwa kwenye ule wimbo wa polepole ambao mimi huumalizia kwa sauti ndefu ya juu. Nusu akaanza kupanda. Nikasubiri ashuke. Niliisubiri ile kidogo yake kwa hamu ambayo naona aibu kuieleza. Hakushuka. Alifika juu, akakaa palepale juu kwa raha zake, halafu akateremka alipotaka mwenyewe. Mpishi mmoja aliacha kumenya viazi, kisu kikiwa hewani.

Nilikalia gunia. Kumbe mdomo wa Nusu haukuwa na kosa lolote. Nilimpa chombo kizima, naye akapiga kama mtu mzima. Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilikuwa likinigonga kichwani, lakini siku hiyo sikulipa nafasi, nilikuwa na hasira za kutosha.

Wimbo ulipoisha mama mmoja mgeni alikwenda mpaka jukwaani, akamshika Nusu mkono na kuuliza jambo. Nilitega sikio. Hapo ndipo mahali pa kusema "mwenyewe anakuja". Nusu alitabasamu, akainama kidogo, akasema, "Asante sana, mama." Basi. Nikaondoka kwa njia niliyojia.

Nilijipa moyo. Nikajiambia Nusu ni mtu wa haya, maneno yalimpotea. Nikajiambia miaka thelathini si miezi miwili. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni na nilipokuwa peke yangu nilifanya mazoezi ya pumzi kwa mrija wa soda. Mke wangu alinikuta mara moja, nimekaa kitandani navuta mashavu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka mwezi ule.

Siku ya kuwekewa meno ilikuwa tarehe ishirini na mbili Desemba. Nilikuwa nimelala kwenye kile kiti cha daktari, mdomo wazi, chuma hapa, taa pale, simu yangu imelala kifuani. Ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka tena, halafu haikunyamaza. Daktari akauliza kama kuna msiba. Nilipopata nafasi niliinua mkono nikasoma. Kwenye kundi la simu la bendi kulikuwa na picha yangu, ile niliyovaa suti ya kijivu, imewekewa maua pembeni. Chini yake kiongozi ameandika: "Tunamshukuru mzee wetu kwa yote aliyotufanyia. Amechagua kupumzika. Pumzika vyema, mzee wetu."

Mtu aliituma nje ya kundi, na nje ya kundi hakuna aliyesoma maneno mawili ya katikati. Dada yangu alipiga akilia. Nilipopokea, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo niko wapi. Nikamwambia niko kwa daktari wa meno. Akaniuliza kama nina uhakika. Nyumbani jirani alishamletea mke wangu viti sita vya plastiki.

Nilitoka pale na meno mapya yanayonibana, sikupita hata kujitazama kwenye kioo. Nilikwenda moja kwa moja hotelini. Kiongozi alikuwa anafungua nyaya za kinanda chake. Aliponiona alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyonimaliza.

"Mzee wangu, umependeza. Meno yamekaa."

"Nani kakwambia nimestaafu?"

Akavua kofia. Nimemfahamu miaka minne, sikuwahi kukiona kichwa chake. "Nusu. Nilimwuliza wiki iliyopita, maana majina yalikuwa yanatakiwa. Akasema umemwambia umechoka, na unaona haya kutuambia mwenyewe. Nikaona ni heshima tusikusumbue." Akatazama chini. "Si kweli?"

"Karatasi?"

"Zimeshasainiwa, mzee wangu. Jana."

Ningeweza kupiga kelele. Niliwaona wahudumu wakitandika meza, wakituangalia kwa pembeni, nikazimeza. Nikamwuliza kama jina linaweza kubadilishwa. Akasema angejaribu, na sauti aliyosemea ilikuwa ileile ya yule meneja wa karatasi laini. Akaongeza, taratibu, kwamba wageni wamemzoea Nusu. Akamwita kwa jina lake halisi, jina ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia miaka mingi.

Kwa Nusu nilifika jasho limenilowesha. Alikuwa kibandani, amevaa miwani ya kazi, na hakushtuka. Mkoba wangu ulikuwa mezani, umefungwa, umefutwa vumbi. Alikuwa ananisubiri.

"Umenisaliti," nikamwambia. Sikumsalimia.

"Kaa, kaka."

"Sikai. Nilikwambia nimechoka? Lini? Sema siku."

"Hukuniambia."

"Basi umedanganya."

"Nimedanganya," akasema. "Kiongozi aliniuliza utarudi lini. Jibu lilikuwa mdomoni, tarehe ishirini na mbili. Nikasema umestaafu."

Alilisema bila kupepesa macho. Nilikuwa nimejiandaa akatae, aape, asingizie mtu. Nilikuwa na matusi ya kila jibu isipokuwa hilo. Nikamwambia yote niliyomfanyia tangu ujana, moja moja, harusi yake, watoto wake, siku nilizomtafutia kazi. Nikamwambia kuhusu kadi ya mke wangu. Hapo ndipo uso ulimbadilika kidogo.

"Shemeji ananiuma," akasema. "Yeye sikumfikiria, na nilipomfikiria nilikuwa nimeshasema."

"Kwa nini, sasa? Nimekukosea nini mimi?"

Akavuta droo ya chini ya meza. Akatoa shingo ya saksafoni, kile kipande kilichopinda cha juu kinachobeba mdomo wa chombo. Ilikuwa ya ile yake, ile ya zamani, ile niliyompa. Halafu akafungua mkoba wangu, akachomoa shingo ya kwangu, akaziweka pamoja chini ya taa yake ya kazi. Akawasha kurunzi ndogo, akaimulika ile ya zamani kwa ndani.

"Weka jicho hapa."

Sikuweka. Sikuhitaji.

"Nilizipanga hivi wiki ya pili baada ya wewe kuniachia," akasema. "Mimi ni fundi, kaka, nikishika vyuma viwili nalinganisha. Hii iliwahi kukatika ikaungwa. Ndani kuna nundu ya risasi ya kulehemia, hewa inagonga hapo, na upande huu inavuja. Hata ungempa nani, juu asingefika. Miaka thelathini nimekaza mdomo. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Mke wangu alihamisha kitanda akakipeleka chumba cha nyuma. Nilijua mimi ndiye mbovu. Nilikubali jina." Akazima kurunzi. "Ulijua?"

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka mwisho wa barabara.

"Nilikupa bure," nikasema.

"Ndiyo. Ungeniuzia, ningeikagua."

Nikamwambia yalikuwa mambo ya zamani. Nikamwambia tulikuwa vijana, kazi zilikuwa chache, kila mtu alijitafutia. Nilijisikia nikiyasema, na kila nililosema lilikuwa jibu la swali lake. Akanisubiri nimalize. Nusu siku zote alikuwa msikilizaji mzuri.

"Siku ile uliponiambia unaniamini," akasema, "nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu nikilia. Wiki ya kwanza nilipiga kwa woga, nisikuaibishe. Halafu nikaziona hizi, na bado nikajiambia labda hukujua. Kiongozi ndiye aliyenimalizia, bila kukusudia. Akasema alishangaa, una namba za wapigaji wakubwa mjini, umeniletea mimi. Nikakaa usiku mzima natafuta sababu nzuri. Unayo?"

Niliichukua saksafoni yangu. Alinisaidia kufunga mkoba. Aliniambia saksafoni yake ameshaitengenezea shingo nyingine, ameichonga mwenyewe, inapanda vizuri. Sikumpongeza. Nilimwambia kuanzia leo asikanyage kwangu, na watoto wake wasiniite baba mkubwa. Akaitikia kwa kichwa, vilevile alivyoitikia masharti yangu.

Nyumbani mke wangu alikuwa amevirudisha viti vya jirani. Nilimsimulia nilivyotendwa na Nusu, na nilimsimulia vizuri, kwa ghadhabu, mpaka yeye mwenyewe akasema yule mtu hana utu. Kuhusu shingo ya saksafoni sikumwambia. Aliniuliza tutafanyaje kuhusu dawa. Nikasema nitatafuta.

Nikaanza tena kubisha milango. Wiki ya tatu ya Januari niliingia mgahawa uliokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, wanapika chakula cha mchana cha watu wa maofisini. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye kalamu sikioni. Alinisikiliza nikipiga nyimbo mbili kati ya viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Meno yalishika. Nilipiga vizuri, na hilo silitii chumvi. Akaniambia anataka mtu mmoja, siku nne kwa wiki, mshahara wa mwezi, na kampuni yao inawakatia bima wafanyakazi wote pamoja na wenzi wao.

"Ila nauliza kwanza," akasema. "Wa mwisho aliniimbia vizuri akaniibia vipaza sauti. Ulikuwa wapi?"

Nikataja hoteli. Akasema anayo namba ya kiongozi wa bendi yao, akapiga palepale, akaiweka simu mezani ili isikike kwa kila mtu, huku akiendelea kutia saini stakabadhi za mboga. Kiongozi akapokea. Alinisifia haraka haraka, sauti ya mtu mwenye hatia, kisha akasema, "Ngoja nikupe anayemjua zaidi." Nilitaka kusema hapana. Simu ikapita mkono hadi mkono, nikasikia pumzi ninayoijua.

"Namfahamu," akasema Nusu. "Miaka thelathini na zaidi."

"Anafaa?" akauliza meneja.

"Anafaa. Hachelewi, halewi, hagusi cha mtu. Anapiga kuliko mimi." Nilijua anafikiria, na nilijua kwamba neno moja tu lingetosha, kama lilivyotosha mwezi wa Desemba. "Mchukue, mama. Ana mgonjwa nyumbani. Ila siku akiugua yeye, mtu wa kumshikia kiti usimwachie achague. Mtafute mwenyewe."

Meneja akacheka, akashukuru, akakata. Akaniuliza hilo la mwisho lina maana gani.

"Utani wetu," nikasema.

"Una rafiki, mzee. Wengi wangetafuta la kukuharibia."

Akanisogezea karatasi na ile kalamu ya sikioni. Nikajaza jina langu, nikajaza la mke wangu kwenye nafasi ya mwenzi. Nikasaini kazi niliyopewa na mtu niliyeapa kutomsamehe, na mpaka naandika haya sijampigia simu.